Dagaa wa karanga, mapishi ya mama mkubwa

Mtoto wa Nkome, huku kando ya Ziwa Victoria, anajua kula dagaa wa karanga kabla hajaota meno yote. Kuwapika ni habari nyingine. Mimi nilishakuwa na chumba changu cha kupanga ndipo nikamwomba mama mkubwa anifundishe, maana ukoo mzima unamwachia yeye mboga hii kila kunapokuwa na ugeni. Hakunikaribisha jikoni. Alinituma mwaloni.

"Kanunue kwanza, mwanangu. Ukishajua kununua, nusu umeshapika."

Dagaa wa Ziwa Victoria huvuliwa usiku wa giza. Wavuvi huwasha taa juu ya maji, zamani karabai, siku hizi nyingi ni za sola, dagaa wakafuata mwanga na wavu ukawazoa. Mbalamwezi ikiwaka sana taa hukosa nguvu, mitumbwi ikapumzika. Asubuhi dagaa huanikwa, wengine mchangani, wengine juu ya miamba, wengine kwenye chanja. Jua likiwa kali hukauka na rangi yao ya fedha. Mvua ikiwakuta wangali wabichi hugeuka kahawia, hunuka, na wengi huishia kuwa chakula cha kuku.

Mama mkubwa anajua haya yote, lakini haamini macho peke yake. Huchota dagaa wachache kutoka kwenye sado, akamvunja mmoja karibu na sikio. Akikatika kwa mlio, amekauka. Mwingine humtafuna taratibu, na meno yakikutana na mchanga, humshukuru muuzaji na kwenda kwa jirani yake. Hagombi wala hatoi sababu.

Karanga nazo zina masharti yake. Anapenda za luseni, ile ardhi ya kichanga ya Usukumani, kwa kuwa hung'oka bila kubeba tope. Kuzichambua huchukua muda mrefu kuliko kuzipika: zilizosinyaa, zenye ukungu na zilizobadilika rangi hutupwa, hata kuku hawapewi. Wataalamu wanahimiza hivyo hivyo kwa sababu ya sumukuvu, sumu ya ukungu ambayo moto wa jikoni hauimalizi. Yeye alikuwa akizitupa kabla ya semina zao.

Kukaanga ndipo nilipomwona fundi hasa. Moto mdogo, kuni mbili tu, mwiko hautulii. Hatazami saa, na wala kaango halitazami sana, anasikiliza. Karanga mbichi hugonga kaango kwa sauti nzito. Kadiri maji yanavyozitoka, mlio unakuwa mwepesi na mkavu, kisha maganda yanaanza kupasuka. Hapo huziepua, mimi nikiona bado kabisa. Husema joto lililobaki ndani yake litamalizia, na kweli zikishapoa kwenye ungo huwa zimefikia rangi aliyoitaka. Huzifikicha, huzipepeta, huzitwanga kwenye kinu hadi unga uanze kushikana, basi. Wapo wanaopeleka mashine, sina ugomvi nao, ila chenga ndogo zinazobaki kwenye kinu ndizo zinazoupa mchuzi huu kitu cha kutafuna.

Dagaa hutolewa vichwa, mmoja mmoja, kazi ya kukaa chini na kupiga soga. Huoshwa kwa maji ya uvuguvugu, na hawamwagwi kwenye chujio: huokotwa kwa mkono kutoka juu, mchanga ukabaki chini ya beseni. Wakichujika maji hukaangwa kwa mafuta kidogo mpaka wakakamae, wakawekwa pembeni. Kitunguu na nyanya huachwa viive mpaka visionekane kama vipande.

Unga wa karanga hukorogwa kwanza kwenye bakuli kwa maji ya baridi, usiwe na mabonge, ndipo ukamiminwa. Kuanzia hapo mpishi hafungui simu. Povu hupanda ghafla na kufurika ukigeuka kidogo tu, na chini kukishika, ladha ya kuungua huenea sufuria nzima. Mama mkubwa huvuta kuni moja nje na kukoroga akigusa kitako cha sufuria. Harufu ya ubichi huondoka polepole. Mchuzi huwa mzito, rangi hukolea, kisha vitone vya mafuta hujitokeza juu, vichache pembeni, halafu kila mahali. Karanga imeiva. Dagaa hurudishwa sasa, dakika chache tu wasilegee, na chumvi huja mwisho, baada ya kuonja.

Watu huwaita dagaa mboga ya maskini. Heshima wanampa sangara, anayepelekwa viwandani Mwanza, minofu yake ikasafirishwa hadi Ulaya. Sina neno na sangara, lakini mnofu mnono humsamehe mpishi mwenye haraka. Dagaa hasamehe. Ukiruka hatua moja, mchanga au uchungu utakushitaki mbele ya wageni, na ugali wa udaga hautakusaidia kuficha.

Wasafiri wengi hupita Nkome wakienda kupanda boti ya Rubondo, hifadhi ya taifa tangu 1977, na huondoka bila kuonja chochote cha hapa. Ukipita, nunua dagaa wa chanja. Vunja mmoja, tafuna mwingine, na wakiwa safi, mlipe yule mama bei anayotaja bila kumpunguzia.