Ukanda Mweupe kwenye Ncha ya Rota

Mwaka 1938 General Motors ilianza kutoa injini za dizeli za Series 71, ambazo hewa yake husukumwa na supachaja aina ya Roots. Mwaka huohuo Roy Plunkett, mkemia wa DuPont, aligundua tefloni bila kuitafuta. Viwili hivi vilikuja kukutana Marekani, mikononi mwa mafundi wa hotirodi waliofungua supachaja za injini za 6-71, za mfululizo huo, kwenye malori na mabasi na kuzipachika juu ya V8 za petroli.

Ndani ya supachaja, rota mbili huzunguka bila kugusana. Gia ndizo zinazozitenganisha. Kati ya ncha ya rota na ukuta huachwa uwazi mwembamba, kwa kuwa alumini ikipata moto hutanuka. Hewa hurudi nyuma kupitia uwazi huo, nayo ikirudi huipasha moto ile inayoingia. Rota zikienda kasi, inayovuja ni sehemu ndogo tu ya hewa yote. Gari la mtaani, linalokwenda kutwa kwa mwendo wa taratibu, ndilo linaloumia. Hapo ndipo ninapompendea fundi mzuri: anahangaikia uwazi ambao jicho halioni.

Huchonga mfereji kwenye ncha, tumbo lake pana kuliko mdomo, kisha hupenyeza ukanda wa tefloni kuanzia pembeni ili kuuziba uwazi huo. Tefloni inateleza, haidhuriwi na petroli wala methanoli, na ni laini: ikigusa ukuta, inayolika ni yenyewe. Lakini hutanuka kwa joto takriban mara tano zaidi ya alumini. Ukanda uliobana vizuri mezani, barabarani utasukuma ukuta. Kwa hiyo fundi hupunguza, hupima uwazi kwa fila geji, huzungusha rota kwa mkono, hupunguza tena. Nailoni ni ngumu zaidi, ila hunyonya unyevu na kuvimba, mimi nisingeichagua. Wapo wanaoacha ukanda kabisa, wakachonga rota zenyewe kwa vipimo vya karibu mno, na kwa gari la safari ndefu nawaunga mkono, maana hakuna cha kulika.

Fundi huuliza pia petroli inaingilia wapi. Kabureta zikikaa juu, petroli hupita kwenye rota na kuzipoza. Ikinyunyizwa chini ya supachaja, rota hubaki kavu na za moto zaidi, na uwazi wote lazima upimwe upya.