Picha Iishe Kabla ya Mpaka Kufungwa

Kibanda chetu cha video kilikuwa Kamembe, juu ya mteremko unaoshukia mto Rusizi, na saa iliyokitawala ilikuwa ile ya kufungwa mpaka. Wateja wetu wengi walitoka ng'ambo, Bukavu: wabeba mizigo, wauza vitenge, akina mama waliokwisha kuuza sambaza zao, wale dagaa wa ziwani. Giza likiwakuta upande huu, wamelala Rwanda. Kwa hiyo baba aliijua picha kwa urefu wake kabla ya kumjua steringi.

Sholay, ile picha ya Kihindi ya mwaka 1975, inapita saa 3. Haitoshi kwenye kanda moja ya dakika 180. Yetu ilikaa kwenye kanda mbili. Baba aliianza saa 8 mchana, hata kama mabenchi yana watu wanne. Jenereta ikisumbua na muda ukapungua, alipeleka mbele ngoma ya kambini kwa majambazi. Wimbo wa wale marafiki wawili kwenye pikipiki hakuugusa kamwe, kwa sababu unarudi mmoja wao anapokufa, na asiyeusikia mwanzo hataulilia mwisho. Sijaona bado mtu anayekata picha kwa heshima kama ile.

Deki ilikuwa yangu. Nilifuta kichwa chake kwa kitambaa laini chenye spiriti, si kwa pamba, maana nyuzi hunasa. Unafuata mzunguko wake tu. Ukikisugua kwenda juu na chini unakivunja, na kuanzia hapo ni chenga.

Lakini aliyekijaza kibanda ni kaka yangu, mtafsiri. Agasobanuye, yaani picha iliyofafanuliwa, Rwanda nzima iliijua kwa sauti ya Nkusi Thomas, Yanga, aliyefariki mwaka 2022. Watanzania walikuwa na Lufufu, Derek Mukandala. Hao sauti zao zimebaki kwenye kanda. Kaka alisimama kando ya televisheni na kuanza upya kila siku, macho yake kwa watu kuliko kwenye kioo. Wakongo wakiwa wengi, Kiswahili kilitangulia na Kinyarwanda kikafuata. Siku nyingine kinyume.

Kwenye Sholay kuna mahali farasi anamrudisha kijijini kijana Ahmed, maiti. Baba yake, mzee kipofu, anauliza mbona watu wamenyamaza. Kaka aliuliza swali hilo kwa lugha zote mbili, kisha naye akanyamaza. Siku moja mama mmoja wa sambaza akamjibu kipofu kutoka benchi la nyuma: "Papa, ni mtoto wako." Kaka hakumkatiza. Alilichukua jibu lake, akalisema kwa Kinyarwanda, polepole, kama lilikuwa limeandikwa kwenye picha tangu mwanzo.

Picha ikiisha, baba alifungua mlango wote. Alisimama kizingitini akiitazama migongo ikiteremka kuelekea darajani, watu wakibishana njia nzima. Wa mwisho akishapotea kwenye kona, ndipo aliponigeukia: "Haya, rudisha kanda."