Redio Iliyopewa Kazi ya Bawabu

Redio zinazokuja na magari ya Japani bandarini Kilindini hazina kazi kubwa huku kwetu. FM ya Japani huanzia megahezi 76, na redio za zamani huishia 90, ilhali stesheni za Kenya zimetapakaa hadi 108. Ndiyo maana dashibodi ya Toyota Probox hufunguliwa mapema. Jirani yangu wa Mji wa Kale alipobadilisha redio ya Probox yake, alichagua yenye ulinzi ndani yake: ukifungua mlango usibonyeze namba ya siri katika muda uliopangwa, inatoa amri king'ora kilie. Kuiunga kulifanywa mara mbili.

Mara ya kwanza waya wa mlango uliungwa kwenye taa ya ndani. Njia ya mkato inavutia, kwa kuwa mlango wowote ukifunguliwa taa hiyo huwaka. Lakini taa ya gari hili haizimiki papo hapo, hufifia. Mwenyewe akifunga gari, redio inaanza kulinda kabla volti haijatulia, inadhani mlango uko wazi. Kelele ikawa ya kila jioni, na vichochoro vya nyuma ya Ngome ya Yesu havimezi sauti.

Fundi wa pili alianza na mita. "Ndugu yangu, mlango wa Toyota hutoa athi, hautoi moto," akaniambia, na hapo ndipo palipo na siri yote. Mlango ukiwa umefungwa, waya wa swichi una volti 12 hivi. Ukifunguliwa, unashuka hadi sifuri kwa kugusa bodi. Redio ikapangwa isikilize mshuko huo, na waya ukachukuliwa kwenye swichi zenyewe. Kila swichi ilipewa daiodi yake, upande wenye mstari ukielekea swichini, ili mlango mmoja usipeleke athi kwa mwingine. Swichi mbili zilikuwa zimeliwa na chumvi. Unyevu wa bahari ukiingia humo umeme huvuja kidogo, na redio haitofautishi mvujo na mwizi. Zilibadilishwa. Viungo vikalehemiwa kwa risasi na kuvikwa mpira, kwani waya uliosokotwa na kufungwa selotepu kisiwani haudumu.

Wengi huharibu wanapojaribu kuunga redio hiyo na loki za milango. Waya wa redio wa kuamuru vifaa vya nje kwa kawaida haubebi zaidi ya miliampea 300, na mota ya mlango hutaka ampea kadhaa. Rilei ingetatua hilo, ila amri ya king'ora hudumu muda mrefu, na mota ya loki inahitaji mguso usiozidi sekunde moja. Ikishikiliwa, inaungua. Kwa hiyo fundi hakuunga king'ora na loki kabisa. Loki ilipewa rimoti ndogo ya peke yake, inayotoa mguso wa athi kwenye waya wa swichi ya loki ya mlango wa dereva, na rilei ya gari yenyewe inafanya kazi iliyozaliwa nayo. Amri ya king'ora ilipelekwa kwenye rilei mbili: moja ya king'ora, nyingine ikikata waya wa stata kupitia mguu wa 87a. Stata tu, si petroli wala moto wa injini. Gari linalozimika katikati ya Barabara ya Digo ni hatari kuliko lililoibwa.

Kilichobaki ni udhaifu ambao watengenezaji hawapendi kuutaja: redio ikichomolewa, ulinzi umekwisha. Dawa yake ilikuwa king'ora chenye betri yake, kilichofichwa chini ya boneti, kinacholia chenyewe umeme ukikatwa, na waya wa moto wa redio kutoka betrini moja kwa moja wenye fyuzi karibu na betri.

Tangu wakati huo kimelia mara moja tu, mwenye gari alipokuwa na mizigo mikononi akachelewa kubonyeza namba.