Mkimbiaji wa dezo

Mechi ya tatu ya World Series 2025 mliiona: Dodgers na Blue Jays, inningi 18, saa sita na dakika 39, hadi Freddie Freeman alipoupiga mpira nje ya uwanja. Kwetu jua lilikuwa limeshapanda, na mpwa wangu wa miaka 14 hakuwa amesinzia hata mara moja. Ingechezwa Julai, mechi ile tungenyimwa.

Tangu 2020, MLB, ligi kuu ya besiboli, inamweka mkimbiaji besi ya pili kila inningi ya ziada inapoanza. Mwaka 2023 ikalifanya jambo hilo sheria ya kudumu ya msimu wa kawaida, na ni kosa tupu. Mtazameni anayewekwa. Mara nyingi ni yule yule aliyetolewa mwisho inningi iliyopita: ametoka kukosa straiki ya tatu, anavaa tena helmeti, anatembea taratibu hadi besi ya pili ambayo hakuitolea jasho. Mwenzake anabanti, yeye anasogea ya tatu. Mpira wa juu unadakwa mbali, yeye anaingia nyumbani. Pointi imepatikana bila hiti hata moja! Kwenye takwimu pointi hiyo haiingii kwenye wastani wa mrushaji, lakini kushindwa anaandikiwa.

Eti ni kwa ajili ya vijana, kana kwamba mpwa wangu alisinzia.

Si kila badiliko ninalipinga. Saa ya mrushaji, ile inayomhimiza arushe kwa wakati, ilikuwa kazi safi: wastani wa muda wa mechi ulishuka kutoka saa tatu na dakika nne hadi saa mbili na dakika 40.

Lakini inningi za ziada hazihitaji msaada. Tarehe 2 Julai 1963, warushaji Juan Marichal, miaka 25, na Warren Spahn, miaka 42, walirushiana sifuri kwa sifuri hadi inningi ya 16, hakuna aliyekubali kutoka. Marichal alirusha mipira 227. Ndipo Willie Mays akampiga Spahn homurani. Mays alianzia sahani ya nyumbani, kama kila mpigaji wa zama zake.

Oktoba ikifika, MLB yenyewe humwondoa mkimbiaji wa dezo. Ndiyo maana tulimpata Will Klein, ambaye wengi tulikuwa hatumjui, akirusha inningi nne za mwisho za mechi ile ya World Series bila kuruhusu pointi. Mpwa wangu sasa anaiga mrusho wake uani.