Kutupa Pembe na Kujitiisha kwa Mungu: Uhakiki Mfupi juu ya Imani katika Ufipa

Mtu aandikaye juu ya imani ya Kikristo katika nyanda za juu za Ufipa hawezi kukipita kitabu cha Kathleen R. Smythe, Fipa Families, kilichotolewa mwaka 2006. Kitabu hicho chaeleza habari za Nkansi tangu 1880 hadi 1960, kwa kutumia maandiko ya Mapadre Weupe na mahojiano na wazee wenyewe. Twakihakiki kwa swali moja: je, Wafipa walioipokea misheni walijitiisha kwa Mungu, au kwa misheni tu?

Sifa kubwa ya kitabu ni kwamba hakiwadharau waumini. Smythe aonyesha kuwa wazazi waliowakabidhi watoto wao kwa misheni hawakuwa wakifuata shule na nguo tu. Walifuata desturi yao ya malezi, ambayo kwayo mtoto ni wa wengi. Mmisionari alifanywa mlezi, akapewa utii wa mlezi.

Lakini hapo ndipo tuonapo upungufu. Mtoto aweza kumtii mlezi wake mchana, na usiku, hofu impatapo, akakimbilia kwingine. Kitabu chatueleza vizuri Wakristo hawa walikuwa jamaa ya nani. Hakitwelezi vya kutosha walimwogopa nani.

Jambo hilo lilidhihirika miaka michache tu baada ya mahali kinapoishia kitabu. Mnamo 1963 na 1964 vijiji vya Ufipa vilipitiwa na harakati ya kuondoa uchawi iliyoitwa Kamcape, ambayo Roy Willis aliiandikia makala katika jarida la Africa mwaka 1968. Watu walitakiwa kutoa pembe na vitu vingine vilivyodhaniwa kuwa vya uchawi, kisha wapokee dawa ya kinga. Hata jina la Sumbawanga wengi hulifasiri kuwa ni "tupa uchawi".

Je, waliobatizwa na kuipokea dawa ile walikuwa wanafiki? Hukumu hiyo ni nyepesi mno. Aliyekataa kusafishwa alijitia mwenyewe katika shaka ya majirani. Tena, aliyekataa kwa kuogopa kutengwa na kanisa hakuwa amejitiisha kwa Mungu kuliko mwenzake. Wote wawili waliwaogopa wanadamu. Pembe yaweza kutupwa, na hofu ikabaki moyoni.

Kitabu cha 2 Wafalme 17 chataja watu waliomcha Bwana huku wakiitumikia miungu yao. Naye Luther, katika Katekisimu Kubwa ya 1529, alifundisha kwamba kile ambacho moyo wa mtu hukitumainia na kukikimbilia, hicho ndicho mungu wake. Kwa kipimo hicho, utii wa juujuu si lazima uwe uongo. Ni utii ambao umempa Mungu ibada, sadaka na jina la ubatizo, lakini haujampa hofu ya mtu. Utii wa kweli huanza pale mtu anapoileta hofu yenyewe msalabani.

Jambo hili latuhusu sisi Walutheri pia, wakiwamo ndugu zetu wa Dayosisi ya Ziwa Tanganyika yenye makao yake Sumbawanga. Mafundisho yetu ya kipaimara huuliza kama kijana amezikariri Amri Kumi. Ni mara chache huuliza anaogopa nini mtoto anapougua ghafla. Nidhamu ya kanisa nayo, ikitumika pasipo Injili, huwafundisha watu kuficha pembe zao vizuri zaidi.

Katika nchi yetu wazee, hasa wanawake, wameuawa kwa kushukiwa uchawi. Kwa hiyo, tutakapotaka kujua kama usharika umejitiisha kwa Mungu, tusihesabu tu walioijia Meza ya Bwana. Tutazame pia kama bibi kizee asiye na mtoto aweza kulala salama katikati yao, hata msibani.