Mota Mpya, Kiwanda Kilekile

Ukienda kongamano lolote la vijana na teknolojia siku hizi, utasikia "Mapinduzi ya Nne ya Viwanda" kabla hujamaliza soda yako. Msemo huo ulipata umaarufu mwaka 2016, Klaus Schwab, mwanzilishi wa Jukwaa la Uchumi Duniani, alipotoa kitabu chenye jina hilo. Kitabu si kirefu na kinasomeka vizuri. Ila hoja yake kuu inaweza kukupotosha, hasa kama wewe ni mwanafunzi unayefikiria kazi ya kiwandani.

Schwab anahesabu hivi: mapinduzi ya kwanza yalileta mvuke na reli, ya pili umeme na uzalishaji kwa wingi, ya tatu kompyuta. Ya nne, yaani haya yetu, yanachanganya roboti, akili mnemba, vihisi na teknolojia ya vinasaba. Ushahidi wake mmoja mkubwa ni kasi. Anasema mashine ya kusokota nyuzi ilichukua karibu miaka 120 kuenea nje ya Ulaya, lakini intaneti ilisambaa duniani kwa chini ya miaka 10.

Hebu tusimame hapo. Mashine ya nyuzi ni kifaa cha uzalishaji. Intaneti ni njia ya mawasiliano. Kifaa kinaweza kufika leo, lakini kiwanda kikakaa miaka mingi bila kubadilika. Historia ya umeme inaonyesha jambo hili vizuri, na mwanahistoria wa uchumi Paul David aliieleza kwenye makala yake ya mwaka 1990.

Kituo cha umeme cha Edison kilifunguliwa New York mwaka 1882. Wakati huo viwanda vingi vya Marekani viliendeshwa na injini moja kubwa ya mvuke. Injini ilizungusha mhimili mrefu uliopita juu darini, na kila mashine ilichukua nguvu pale kwa mkanda. Umewahi kuona mashine ya kusaga unga inayozungushwa kwa mkanda? Sasa fikiria mashine kama hizo nyingi, zote zimefungwa kwenye mhimili mmoja. Mashine zilikaa pale mhimili ulipofika, si pale kazi ilipozihitaji.

Umeme ulipokuja, wenye viwanda wengi waling'oa injini ya mvuke, wakaweka mota moja kubwa, basi. Mhimili ukabaki, mikanda ikabaki. Faida ikawa ndogo. Mwaka 1899, mota za umeme zilitoa chini ya asilimia 5 ya nguvu ya kuendesha mashine viwandani Marekani. Tija ilikuja kuruka miaka ya 1920, baada ya kila mashine kupewa mota yake, majengo kupangwa upya kufuata safari ya bidhaa, na wafanyakazi kujifunza utaratibu mwingine. Karibu miaka 40! Umeme wenyewe ulikuwepo muda wote huo.

Ukidhani hayo ni mambo ya kale, angalia Tesla. Kampuni hiyo ilijaza roboti kwenye kiwanda chake cha California ili itengeneze gari la Model 3 kwa haraka. Uzalishaji ukakwama. Mwezi Aprili 2018 Elon Musk alikiri hadharani kwamba walizidisha otomesheni, na kwamba mtandao mmoja tata wa mikanda ya kusafirishia vipuri ulibidi uondolewe.

Kwenye nishati mambo ni hayohayo. Chukua saruji. Mawe ya chokaa huchomwa kwenye tanuri lenye joto la nyuzi 1,450 hivi ili kupata klinka. Takribani asilimia 60 ya hewa ukaa inayotoka haitokani na moto. Inatoka ndani ya jiwe lenyewe linapovunjika kikemia. Kwa hiyo hata ukifunika paa lote la kiwanda kwa paneli za sola, sehemu hiyo haiguswi. Kinachosaidia ni kupunguza klinka, kwa mfano kwa kuchanganya majivu ya volkano, kama inavyofanyika kwenye saruji nyingi za Kenya. Lakini saruji hiyo hupata nguvu polepole zaidi. Maabara lazima ipime upya, viwango viandikwe upya, na fundi wa ujenzi ajue zege lake linahitaji siku zaidi kabla ya kuondoa mbao. Mabadiliko ya kiwanda yanaishia mikononi mwa fundi.

Tumtendee Schwab haki. Haufichi ukosefu wa usawa. Anaandika kwamba watu karibu bilioni 1.3 walikuwa bado hawana umeme, yaani hata mapinduzi ya pili hayajawafikia. Lakini akishasema hivyo anaendelea kuhesabu, moja, mbili, tatu, nne, kana kwamba dunia nzima inapanda ngazi moja. Kama mtu ana intaneti kwenye simu na hana umeme nyumbani, ngazi yenyewe iko wapi?

Kwa nini nakazania hili? Kwa sababu kampuni ikinunua mashine na kuacha kazi ilivyo, atakayelipa ni mfanyakazi. Ataambiwa "teknolojia imechukua ajira", wakati kilichoshindwa ni mpangilio. Na wewe unayesoma uhandisi utaambiwa ujifunze programu mpya tu, huku anayeelewa safari nzima ya bidhaa, kuanzia jiwe hadi ukuta, akihitajika zaidi.

Basi ukisikia kiwanda fulani kimeleta roboti au sola, uliza swali moja: wamehamisha nini? Kama jibu ni "hakuna", mhimili bado uko darini.