Kisu na Kikonyo

Abiria wa mabasi ya Dodoma huijua Dumila kama kituo: njia panda ya Kilosa, mahindi ya kuchoma, nyanya kwenye ndoo, safari inaendelea. Miembe iko nyuma ya maduka, uani mwa watu, na mingi haikupandwa na yeyote. Embe lililiwa, kokwa likatupwa, mvua ikamaliza kazi. Ndivyo embe lilivyopenya bara. Misafara ya karne ya 19 iliyotoka Bagamoyo na kukatiza mbuga za Mkata, si mbali na hapa, iliacha miembe hadi Tabora na Ujiji.

Sina ugomvi na kokwa, ila lina usahaulifu. Panda kokwa la embe aina ya Kent, subiri miaka sita au zaidi, na huenda ukachuma embe la nyuzinyuzi ambalo hata watoto watalipita. Kent yenyewe ilizaliwa Florida, Marekani, kwa bahati ya kokwa lililopandwa mwaka 1932. Tangu hapo kisu ndicho kinachoitunza. Kila Kent halisi ni kipande cha mti ule mmoja, kilichohamishwa shina hadi shina. Kazi hiyo ni kubebesha, na katika kazi zote za bustani sijaona inayoipita.

Huanza na mche wa embe la kienyeji, Dodo kwa mfano, uliofikia unene wa penseli ndani ya kiriba. Kikonyo hutoka kwenye mti unaojulikana kwa kuzaa: ncha ya tawi iliyokomaa, vijicho vyake vimevimba lakini havijafumuka. Fundi makini huyapogoa majani yake wiki moja hivi kabla, ili nguvu ibaki kwenye vijicho.

Kisha kisu. Mche hukatwa kichwa na kupasuliwa katikati. Kikonyo huchongwa pande mbili kama kabari, kikachomekwa. Hapo ndipo fundi anapojulikana. Huchonga kwa mkato mmoja. Anayerudiarudia huacha mawimbi. Penye wimbi hewa huingia, na penye hewa hapaungi. Kilicho hai ni utando mwembamba wa kijani chini ya gome, nao lazima ugusane, hata upande mmoja tu kikonyo kikiwa chembamba kuliko shina. Na kidonda kibichi hakingoji mtu amalize hadithi: ukanda wa nailoni ukazwe, kifuko kivishwe juu, mche uende kivulini. Wiki ya tatu au ya nne hutoka majani mekundu, laini.

Mahali pa kupanda, Dumila, si jambo la kubahatisha. Januari 2014 mafuriko yalikata hapa barabara kuu ya Morogoro na Dodoma. Chagua palipoinuka, chimba sentimita 60 kila upande, changanya samadi, kidonda kibaki juu ya udongo. Maua yakija mwaka wa kwanza, yatoe. Najua inauma.

Machipukizi ya chini ya kidonda nayo yakatwe kila yanapochungulia, kwa kuwa ni ya shina. Asiyeyakata hujikuta na Dodo tupu, kisha humfuata mwenye kitalu akidai kauziwa mche feki. Mwenye kitalu mwenye busara habishani; huomba aonjeshwe, maana Dodo zuri nalo halikataliwi.